Transponda ya ndege ndogo iwe lazima, na iwe inatoa kimo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi wa redio na vifaa vya ndege ndogo, niko kwa hangari pale uwanja wa ndege wa Wilson miaka mingi sasa, na haya maneno ya transponda, kile kidude cha ndege kinachojibu rada ili ionekane, yamenikaa rohoni tangu ile Jumanne ya tarehe 5 Machi 2024. Asubuhi hiyo Dash 8 ya abiria, watu 44 ndani, ikienda Diani, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Kubwa ikarudi ikatua salama, ndogo ikaanguka, mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Sababu tuwaachie wachunguzi, lakini tangu hapo sioni kwa nini ndege yoyote ndogo iruhusiwe kupita karibu na viwanja vyetu bila hiki kidude.

Kenyewe ni kadogo, kama redio ya gari, namba nne na swichi. Rada ikiuliza kanajibu, na taa yake ndogo inawakawaka kila kakijibu. Swichi ikiwa kwa ON kanatoa ile namba ya kuitambulisha ndege tu, ikiwa kwa ALT kanatoa na kimo, yaani ndege iko juu kiasi gani. Na si rada ya chini peke yake inauliza, ndege kubwa za abiria zina mtambo wa kuzuia mgongano unaouliza wenyewe huko huko angani, kwa hivyo hata mahali rada haifiki rubani wa ile kubwa anaiona ndogo kwa skrini yake. Sasa ndogo ikikosa transponda, ule mtambo wa mamilioni hauoni kitu kabisa.

Wengine watasema rubani ana macho, atazame nje. Mimi nimekaa kile kiti cha kulia mara nyingi tukienda kujaribu vifaa, na nawaambia ndege mnayoenda kugongana nayo haisogei kwa kioo, inakaa doa pale pale utadhani ni mdudu amepasukia hapo, halafu ghafla inajaa kioo chote. Wamarekani walipiga hesabu wakapata kwamba rubani anahitaji kama sekunde 12.5 kuona, kuelewa, kuamua na ndege yenyewe kuanza kugeuka. Ndege mbili zikielekeana, kwa muda huo zimeshakula zaidi ya kilomita moja na nusu, na Cessna ya bawa la juu ikikata kona bawa lenyewe linakuziba kule unakoenda.

Halafu transponda nusu haisaidii. Tarehe 31 Agosti 1986 kule Cerritos, California, Piper ndogo iligongana na DC-9 ya Aeromexico, watu 82 wakafa, 15 wao walikuwa chini majumbani kwao. Hiyo Piper ilikuwa na transponda, ila haikuwa inatoa kimo. Baada ya hapo ndio Marekani ikaweka sheria ya kimo ndani ya maili 30 za viwanja vyao vikubwa, walingoja mpaka maiti zifike idadi hiyo.

Mwaka juzi nililetewa Cessna nirekebishe redio. Juu ya transponda kulikuwa na kikaratasi cha gundi kimeandikwa kwa kalamu "mbovu", na gundi ilishakauka ikawa ya manjano, ndio ujue kimekaa hapo muda gani. Nikamuuliza mwenyewe, akaniambia hiyo achana nayo bana, fanya redio tu. Nilifanya redio, na mpaka leo inaniuma.

Najua pesa ni shida, vyuo vingine vya urubani vinahesabu mpaka lita ya mafuta. Lakini Uingereza ilirudishia marubani nusu ya bei ya vifaa vya kuonekana angani, mpaka pauni 250. Sisi angalau serikali iondoe ushuru kwa vifaa hivi, itoe mwaka mmoja wa kujipanga, halafu baada ya hapo ndege bila transponda ya kutoa kimo hakuna kuruka karibu na Wilson, JKIA, Mombasa, Kisumu, wala Diani. Zile za zamani kabisa zisizo na umeme ziruke mbali na huko.

Na nyinyi wanafunzi wa urubani, kabla hamjaondoka hebu angalieni ile swichi. Kama haiko kwa ALT, au kuna kikaratasi kimebandikwa juu, zimeni injini mshuke, hata kama mwalimu atakasirika.

Fundi wa vifaa vya ndege,
Lang'ata, Nairobi