Saa ya mbinguni nayo huruka

Mhariri,

Mimi ni fundi saa hapa Masasi. Ukurasa wenu wa sayansi uliziita nyota za nyutroni (mabaki madogo, mazito mno, ya nyota kubwa zilizolipuka) "saa zisizokosea", kwa vile huzunguka kwa mpigo ulio sawa. Jamani! Mojawapo, Vela, iliyo anga ya kusini, huzunguka takriban mara 11 kwa sekunde huku ikipunguza mwendo polepole, kisha ghafla huongeza kasi kidogo. Ruko hilo la Vela lilionekana kwanza 1969. Desemba 2016 darubini ya redio ya Tasmania, Australia, ililinasa tukio lenyewe likitokea. Wataalamu wengi wanasema chanzo ni ndani: chini ya gamba gumu la nyota, chembe ziitwazo nyutroni hutiririka bila msuguano, hazipungui mwendo pamoja na gamba. Zikishikana nalo ghafla, hulisukuma, nalo huongeza kasi. (Saa ya springi hainifanyii hivyo mezani.) Wanafunzi wa huku wanausoma ukurasa huo, andikeni upya, tena na mchoro.

Fundi Saa,
Masasi, Mtwara