Hatari ya maabara za shule imejificha stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usalama wa wanafunzi na walimu katika maabara za sekondari zetu, jambo ambalo hukumbukwa pale mtoto anapoungua, na likasahaulika mara tu bandeji inapofunguliwa.

Mwaka 2014 na 2015, kwa agizo la Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, wananchi wa kata nyingi walichangia fedha, mawe, mchanga na nguvu zao ili kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, yaani za fizikia, kemia na baiolojia. Yalisemwa mengi kuhusu michango ile, na mengine yalikuwa ya haki, lakini majengo yalisimama, na watoto ambao wangeishia kuchora bureti (mrija wa kioo wenye koki wa kupimia vimiminika) daftarini wakapata kuishika. Silibezi hilo hata kidogo. Ila maabara haikamiliki kwa kupaka rangi na kufunga sinki. Inahitaji mtu wa kukaa nayo mwaka mzima, anayejua kila chupa iliingia lini, ina nini, imewekwa jirani na nini, na itaondolewa vipi. Mtu huyo ni mtaalamu wa maabara. Katika shule nyingi hayupo, na kazi yake amebebeshwa mwalimu wa kemia, ambaye tayari ana vipindi vyake, zamu yake na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Mzigo huo huonekana zaidi kila Novemba, wakati wa mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Mwalimu hujifungia maabara jioni, mara nyingi peke yake kwa sababu ya siri ya mtihani, akipunguza makali ya asidi ya salfuriki ili wanafunzi wapate ya kutumia kesho yake. Hakuna mwalimu wa kemia asiyejua kwamba asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, polepole na kwa kukoroga, wala si maji kwenye asidi, kwa kuwa joto linalozuka huweza kuyachemsha maji papo hapo na kuirusha asidi usoni. Lakini kuijua kanuni ni jambo moja, na kuifuata usiku, ukiwa umechoka, huna miwani ya kinga wala mtu wa kukushikia taa umeme ukikatika, ni jambo jingine.

Mtihani ukiisha, kilichobaki hurudishwa stoo, na stoo ndiyo ninayotaka wasomaji wako waingie nami. Kuna chupa ambazo lebo zake zimeliwa na mivuke, au na mende, hata hakuna ajuaye zina nini. Kuna asidi kali ya nitriki iliyowekwa kabati moja na ethanoli, vitu viwili visivyopaswa hata kukaribiana. Pamanganeti ya potasiamu iko rafu ya juu na gliserini rafu ya chini. Siku chupa zikipasuka na vitu hivyo vikakutana, moto utawaka bila kiberiti. Kuna fomalini iliyohifadhia mijusi na vyura, ambayo mivuke yake inahesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani, ikiwa kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko kilicholegea. Linalonitisha kuliko yote ni kimiminika kisicho na rangi ndani ya chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ambacho huenda ni asidi ya betri iliyonunuliwa kituo cha mafuta, na huenda ni haidroksidi ya sodiamu (kostiki soda). Mwanafunzi aliyetumwa kufagia akiwa na kiu hatanusa kwanza.

Hatari nyingine tunaifundisha wenyewe. Bado wapo wanafunzi wanaovuta asidi kwa pipeti, yaani mrija mwembamba wa kupimia kimiminika, wakitumia mdomo. Mtoto huinama, macho yakiwa kwenye alama ya sentimita za ujazo 25, hivyo haoni kwamba ncha ya chini imeshatoka kwenye kimiminika. Hewa huingia ghafla, na kilichokuwa ndani ya pipeti humrukia mdomoni. Kipira cha kunyonyea kinaondoa hatari hiyo yote, na pasipo na kipira, bomba la sindano la plastiki lisilo na sindano, likiunganishwa kwa kipande kifupi cha mpira, hufanya kazi ileile na hupatikana katika duka lolote la dawa. Sioni udhuru wowote wa kuendelea na desturi hii.

Kwenye baiolojia, jaribio la kupima wanga katika jani linahitaji ethanoli ya moto ili kuondoa rangi ya kijani. Ethanoli huchemka kwenye nyuzijoto 78, na mvuke wake hushika moto hata kwa joto la kawaida la darasa. Kwa hiyo maji huchemshwa kwanza, moto ukazimwa, ndipo neli yenye ethanoli ikaingizwa ndani ya maji hayo. Katika darasa lenye wanafunzi zaidi ya 60 na majiko matatu, haraka humshinda mtu, na ethanoli ikabandikwa moja kwa moja juu ya moto. Ikiwaka, mwali wake ni hafifu kiasi kwamba mchana hauonekani vizuri, na aliye karibu huenda asijue kinachomchoma. Taa ya spiriti iliyoongezwa spiriti kabla haijapoa nayo ina hatari hiyohiyo.

Huduma ya kwanza ya jicho lililoingiwa na kemikali ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, tena mara moja, bila kumsubiri mwenye ufunguo wa ofisi. Wengi huogopa asidi, lakini haidroksidi ya sodiamu ni mbaya zaidi kwa jicho, kwa sababu hupenya ndani na kuendelea kulila. Ndoo zenye koki tulizoweka kila mlangoni mwaka 2020 kwa ajili ya korona zingefaa sana mezani mwa maabara isiyo na maji ya bomba, ilimradi maji yabadilishwe kila siku. Sijui ziliishia wapi. (Mlango nao ungefaa ufunguke kwa nje, lakini madirisha yenye nondo na mlango mmoja wenye kufuli ni habari ya wezi, na inastahili barua yake.)

Wapo wenzangu wanaoamini kwamba dawa ni kubandika sheria za maabara ukutani kwa wino mwekundu. Zibandikwe, haziumizi. Lakini mtihani wa vitendo husahihishwa kwa karatasi, na msahihishaji huona jedwali la vipimo tu; haoni kama mtoto alivaa miwani au alinyonya pipeti kwa mdomo. Kisichopewa alama, shule zetu hazikifundishi.

Ombi langu kwa mamlaka zinazohusika ni la mambo mawili. Pale ambapo haiwezekani kuajiri mtaalamu wa maabara kwa kila shule, shule tatu au nne zilizo jirani zipewe mmoja wa kuzizungukia, na kazi yake ya kwanza iwe kufungua stoo na kuandika orodha ya kilichomo. Pili, kemikali zinazobaki au kuharibika zikusanywe kila mwaka baada ya mtihani na kuteketezwa kwa maelekezo ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo inayosimamia kemikali kwa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Kwa sasa nyingi humwagwa chooni, au kwenye sinki ambalo bomba lake linaishia nyuma ya jengo, karibu na bustani ya mboga. Nazo chumvi za madini ya risasi tunazotumia kwenye uchambuzi wa kemikali haziozi wala hazipotei ardhini.

Najua jibu litakuwa fedha na usafiri. Lakini kila Novemba serikali hupata gari, dereva na askari wa kusindikiza karatasi za mtihani hadi shule za mbali kabisa, na kuzirudisha salama zikiwa zimefungwa. Gari jingine, lisilohitaji hata askari, lifuate njia hiyohiyo Desemba kuchukua chupa.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Morogoro