Mafundi wa Nakuru, acheni kuhukumu injini ikiwa moto

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na mafundi wa hapa Nakuru, na wenye magari pia. Baridi ya Julai ikifika, kuanzia Njoro, Molo hadi huko juu Timboroa, gari za watu zinaanza kupiga kelele asubuhi na jibu unalopewa gereji ni moja tu, ati injini imekwisha, tafuta ingine. Kwani injini zote za huku zimekubaliana zife mwezi mmoja?

Shida yenyewe iko kwa saa. Gari inalia saa kumi na mbili asubuhi ikiwa imelala nje kwa baridi, mwenyewe anaiendesha kutoka Molo mpaka mjini, anafika gereji saa tatu injini imepata moto kabisa, fundi anafungua boneti anasikiliza hasikii kitu, na kwa vile hataki kuonekana hajui anatamka tu chochote. Sasa hapo amepima nini? Injini ikipata moto vyuma vinatanuka, nafasi zinajifunga, oili imeshafika kila kona. Ile kelele uliyomletea uliiacha nyumbani.

Gari ikizimwa usiku, oili inashuka yote chini kwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Asubuhi ukipiga stata pampu inaivuta ikiwa nzito, na zile sekunde mbili tatu za kwanza huko juu kwa kamshafti (chuma kinachofungua valvu) na cheni inayoizungusha presha bado haijafika, ndio unasikia krrrr kama njugu zimemwagwa kwa sufuria halafu kimya. Ikinyamaza haraka hivyo, kabla hata ya kutaja injini angalia filta ya oili. Filta nzuri iko na valvu ndogo ya mpira ndani inayozuia oili isirudi chini, lakini hizi za bei ya kutupa, huo mpira mara nyingi ni mgumu ama haushiki, kwa hivyo filta inakauka usiku na asubuhi pampu lazima iijaze kwanza ndio itume oili juu. Watu wanabadilisha oili ya maelfu halafu wanabania filta, mimi hiyo sijawahi kuielewa. Kuna pia Toyota za VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, ambazo ile gia ya kamshafti iko na pini ya kuifunga gari ikizimwa, pini ikilika gia inagonga kidogo ukiwasha. Hiyo ni gia, si injini nzima. Lakini hiyo krrrr ikiendelea hata baada ya taa ya oili kuzima, hapo cheni imelegea ama tenshona, kile kinachokaza cheni, imechoka na usiendelee kuiendesha gari kwenda Eldoret na kurudi.

Jirani yangu ako na Probox. Ilikuwa inafanya tik tik tik kila asubuhi, ukikanyaga mafuta inaongezeka, ikipata moto inapotea. Gereji moja ikamwambia ni pistoni, alete pesa ya injini ya kutoka Japani. Akaenda kwa mzee mmoja wa jua kali, mzee akamwambia acha gari hapa ilale. Asubuhi mzee kafungua boneti kabla haijawashwa, kijana wake kapiga stata, yeye akapitisha mkono karibu na manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea injini, wakati chuma bado ni baridi, akasikia upepo unampiga kwa vidole. Akammulikia jirani na tochi ya simu: kuna mstari mweusi wa masizi pembeni ya gasketi, na bolti moja imekatika kichwa. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba hapo, ndio maana mchana gari ilikuwa kimya. Wakatoa bolti, wakaweka gasketi mpya, na ile injini iliyokuwa "imekwisha" ndio hiyo inabeba viazi mpaka leo.

Ile ya kulia kama filimbi hasa kukiwa na umande, hiyo ni fani belti. Mwaga maji kidogo tu kwa belti injini ikiwa inazunguka, lakini chunga mkono, sauti ikibadilika hapo hapo umeshajua.

Kuna na ile ya kugonga nzito nzito, du du du, inayopungua gari ikipata moto. Pistoni ni ya aluminiamu, ikiwa baridi inakuwa ndogo kidogo na inacheza ndani ya silinda. Subaru za injini ya lita 2.5 za mwisho wa miaka ya 1990 zinajulikana kwa hiyo na nyingi zinaishi nayo miaka. Ya kuogopa ni inayofanya kinyume, yaani gari ikipata moto na oili kuwa nyepesi ndio inagonga zaidi, na ukipiga resi inakufuata. Hiyo ni bearing za konrodi, chuma kinachoshika pistoni kwa krankshafti, zima gari uite ya kuvuta, na hapo fundi akisema injini mimi sina ubishi.

Halafu hii tabia ya kumwaga oili nzito ya 20W-50 kwa kila gari yenye kelele ati ndio inyamaze. Namba ya mbele ya W inaonyesha oili inatiririka vipi ikiwa baridi, ikiwa kubwa inapanda polepole. Injini kama 1NZ ya Probox ilitengenezewa oili nyepesi kama 5W-30, sasa unaijaza uji kwa mji ulio karibu mita 1,850 juu ya bahari, Molo ndio usiseme, na unashangaa kwa nini asubuhi inalia zaidi. Mchana kelele imefichika, sawa, lakini kila alfajiri vyuma vinasagana vikavu. Na wewe mwenye gari, ukiwasha usipige resi papo hapo. Ngoja ile silensa ya juu, yaani injini kuzunguka kasi bila kukanyagwa mafuta, ishuke yenyewe.

Kurekodi na simu inasaidia kidogo lakini simu haishiki zile sauti nzito vizuri. Dawa ni gari ilale gereji na fundi awe hapo ikiwashwa mara ya kwanza, hata kama ni kulipia ulinzi wa usiku mimi nitalipa. Tatizo gereji nyingi za mjini zinafungua saa mbili na wengine hawataki gari ya mtu ilale kwao. Kama kuna fundi Nakuru ama Njoro anayekubali gari ilale na yuko kazini saa kumi na mbili asubuhi, aandike kwa gazeti hili aseme yuko wapi, wateja wa kumpelekea ninao.

Mwenye gari,
Njoro