Shangazi, mimi siumwi

Shikamoo Shangazi,

Najua barua hii utasomewa na mjukuu wako, basi namwomba asiruke mahali. Naiandika hadharani kwa sababu swali uliloniuliza kwa siri kule msibani, ukinivuta nyuma ya jiko na kuninong'oneza, kufikia jioni lilikuwa limeshafika Muleba na kurudi. "Mwanangu, umepima?" Nikakujibu nimepima na niko salama. Ukanitazama shingoni, ukaitazama mifupa ya mabega, ukafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hukuniamini hata kidogo.

Sikulaumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu huu wa Kagera. Mimi sijazaliwa, wewe msichana wa kuchota maji ya kuogeshea wagonjwa. Ugonjwa mkiuita Juliana, jina la nguo za wakati ule. Wenzetu ng'ambo ya mpaka wakiuita silimu, kwa jinsi mtu alivyokuwa akiisha huku anatazamwa. Ulizika kaka zako wawili. Aliyeyaona hayo, akiona shavu limejaa anashukuru Mungu. Ndiyo maana nilipokuwa na kilo 118 ulikuwa ukinipiga mgongoni mbele ya mawifi: "Huyu ametunzwa!"

Sasa nina kilo 77. Zilizoondoka ni 41, kwa zaidi ya miaka miwili, na hakuna dawa ya kienyeji wala chai zile zinazouzwa kwenye simu. Niliacha soda, nikapunguza ugali na chapati, nikawa natembea kwenda kazini na kurudi. Hayo hayana hadithi.

Kilichonianzisha ni sukari, ambayo sikukwambia. Daktari alinisimulia utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2017, wa watu ambao sukari yao haikuwa ya miaka mingi. Waliosimamiwa kupunguza mwili, karibu nusu yao, baada ya mwaka, sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa na dawa wameshaacha. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa hivyo kwa 86 katika kila 100. Mimi nikashika hiyo 15 kama namba ya bahati nasibu. Leo dawa za sukari nimeachishwa na daktari mwenyewe, ya presha imepunguzwa nusu baada ya kuanza kuona kizunguzungu kila nikiinuka, na bado napimwa. Magoti nayo yamenyamaza. Ngazi za ofisini nilizokuwa nazipanda kwa vituo viwili, sasa nazipanda nikiongea na simu.

Lakini kuna jambo sikulisema pale jikoni, na ndilo linaloninyima usingizi. Watu wamekuwa wema, Shangazi. Wema mno.

Unakumbuka kwenye sherehe nilivyokuwa naletewa viti viwili vya plastiki, kimoja juu ya kingine, ukumbi mzima unaona? Vijana walifanya kwa heshima kabisa, na mimi nikikaa nikisema asante huku natamani ardhi ipasuke. Kwenye daladala konda alikuwa akipiga kelele, "Bonge apite nyuma!" Kazini nilikuwa stoo miaka sita. Mwaka jana nimehamishiwa mbele, kwa wateja, eti nina "lugha nzuri". Lugha hii nimezaliwa nayo! Hesabu nilizokuwa napiga stoo ndizo ninazopiga kaunta. Yule mlinzi aliyekuwa haitikii salamu yangu, sasa ananifungulia mlango na kuniita dada. Nafurahi, siwezi kudanganya, ila furaha yenyewe ni kama wali wenye mchanga: unakula, lakini kila tonge unasikilizia meno. Najiuliza yule mwanamke wa kilo 118 aliwakosea nini.

Wewe peke yako ndiye hukuwahi kunipimia upendo kwa kilo. Sasa wengine wote wananiona nimepona, na wewe peke yako unaniona nakufa. Hilo ndilo lililoniuma, siyo swali.

Na usidhani nimegeuka malaika. Ngozi ya tumbo imebaki inaning'inia, naikunja ndani ya sketi kama mkeka. Mwezi wa nne tangu nianze nywele zilinyonyoka nikabaki na kilemba, zimerudi. Baridi nayo siku hizi naisikia kuliko zamani. Na njaa, Shangazi, haijui kwamba nilipungua kwa hiari yangu. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walionyesha kuwa mtu akishapungua, hata mwaka mzima baadaye homoni za mwili wake bado zinamsukuma ale, kana kwamba kuna ukame. Basi nikikataa kuongezwa chakula kwako usiseme nimeringa. Nakuwa napigana, na mpinzani anakaa humuhumu ndani.

Pete ya marehemu mama, ile uliyonivisha ikakwama kidole cha mwisho, sasa inazunguka. Nimeitundika kwenye mkufu.

Msimu wa kahawa nitakuja. Nipikie ndizi na maharage kama kawaida, uniwekee sahani moja, hiyo nitaimaliza mbele yako. Na ile mizani ya kahawa mliyokuwa mkinining'inizia nilipokuwa mdogo, kama bado iko ghalani, mwambie huyo mjukuu anayekusomea aifute vumbi. Utanipima mwenyewe siku ya kufika, unipime tena siku ya kuondoka. Ukikuta nimepungua hata nusu kilo nikiwa kwako, nitakwenda kupima tena, tukiwa wawili, mbele ya macho yako.

Nisalimie wote hapo nyumbani, hata yule aliyelifikisha swali Muleba.

Ni mimi, mwana wa kaka yako.