Msanii akisifu mzalendo, akikosoa mchochezi?

Ndugu Mhariri,

Wanaotaka wasanii waachane na siasa mbona huwa kimya kampeni zikianza? Mwaka 2020 majukwaa ya chama tawala, CCM, yalijaa nyota wa Bongo Fleva, na sikusikia mtu akiwaambia warudi studio. Lakini Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo tu wa kuikosoa serikali, mpaka Rais Magufuli alipoagiza aachiwe. (Tena akashauri aongeze mistari!) Wana-Mbeya walimpa rapa Sugu ubunge mwaka 2010, Mikumi wakampa rapa mwenzake Profesa Jay 2015; hao nao tungewaziba midomo?

Ninachodai mimi ni kimoja: msanii aliyelipwa kusifia chama aseme kalipwa. Mashabiki tutajua wenyewe tumsikilize kwa sikio lipi.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam