Kabla Hujaongeza Hela kwenye Prosesa ya Gemu

Wateja wengi wanaotaka tuwaundie kompyuta ya kuchezea gemu huanza na kauli moja: "Niwekee prosesa kali kuliko zote, mengine tutaangalia baadaye." Sisi huomba hayo mengine tuyaangalie kwanza. Prosesa ghali ina sababu zake za kuwa ghali, na nyingi kati ya sababu hizo hazina uhusiano na gemu.

Ukipanda kutoka prosesa ya kati hadi ya juu kabisa ya kizazi kilekile, mara nyingi unacholipia ni idadi ya viini, yaani vitengo vya kufanya hesabu vilivyo ndani ya prosesa. Kwa mfano, katika prosesa za kampuni ya AMD, Ryzen 7 5800X ina viini 8, Ryzen 9 5950X ina 16. Anayehariri video au kutengeneza picha za 3D atavitumia vyote, kwa sababu kazi yake inakatika vipande na kila kiini kinashughulika na chake bila kumngoja mwenzake. Gemu haikatiki kirahisi hivyo. Katika kila fremu, yaani kila picha moja inayotokea kwenye skrini, kompyuta inasoma ulichobonyeza, inahesabu nani yuko wapi, inaamua risasi imempata nani, halafu inaandaa maagizo ya kadi ya grafiki, ambayo ndiyo inayochora picha. Hatua moja inasubiri jibu la nyingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hubebwa na kiini kimoja au viwili. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, yote hayo yaishe ndani ya milisekunde 16.7. Ukitaka 144, una milisekunde 6.9 tu. Kiini kilichobeba mzigo mkuu kikichelewa, vingine kumi vilivyokaa pembeni havikusaidii chochote.

Tena wanaotengeneza gemu hawaandiki kwa ajili ya mashine za kifahari peke yake. PlayStation 5 na Xbox Series X, zote za mwaka 2020, zina viini 8. Gemu iliyokusudiwa kukimbia humo haina haja kubwa ya kudai 16 kwenye kompyuta yako. Kwa maoni yetu viini 6 vya kizazi cha karibuni vinamtosha mchezaji wa kawaida, na 8 vinamwachia nafasi ya kupumua.

Kinachowashangaza wengi ni kashe, ile kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Mwaka 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D. Kwa anayesoma karatasi ya vipimo juujuu, ilionekana imeshuka: viini ni 8 vilevile, na kasi yake ya juu ni GHz 4.5 wakati 5800X ya kawaida inafika 4.7. Lakini ilipewa MB 96 za kashe ya L3, mara tatu ya zile 32 za ndugu yake, na katika gemu nyingi ikaipita hata 5950X, iliyokuwa ya daraja la juu zaidi na ya bei kubwa zaidi.

Sababu ni kwamba kiini cha kisasa hutumia muda mwingi kikisubiri. Data ikiwa kwenye kashe, inafika upesi. Ikibidi ifuatwe kwenye RAM, kumbukumbu kuu iliyo nje ya prosesa, zinapita makumi ya nanosekunde, na kwa kiini kinachozunguka zaidi ya mara bilioni nne kwa sekunde, huo ni muda wa mizunguko mamia iliyopotea bure. Fundi ujenzi awe hodari vipi, akikosa mtu wa kumsogezea tofali ukuta haupandi. Na gemu ina tabia ya kurukaruka: sasa inataka taarifa za adui huyu, mara za mlango ule, mara za gari lililo nyuma ya kilima. Kashe kubwa inahifadhi mengi ya hayo karibu na kiini.

Hapo ungedhani dawa ni kununua prosesa yenye vyote viwili, viini vingi na kashe kubwa. Ipo: Ryzen 9 7950X3D ya mwaka 2023, viini 16. Ila viini hivyo vimegawanywa katika vipande viwili vya silikoni, na kashe ya ziada imewekwa kwenye kipande kimoja tu. Windows na programu zake zisipoipeleka gemu kwenye kipande kinachofaa, faida inapungua. Ryzen 7 7800X3D yenye viini 8 ina kipande kimoja, kwa hiyo tatizo hilo haina, na katika gemu nyingi inakwenda bega kwa bega na kaka yake au inamtangulia kidogo. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Threadripper 1950X ya AMD yenye viini 16 ilikuja na hali maalumu ya gemu ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kuzima nusu ya viini, maana baadhi ya gemu zilikuwa zikisumbuliwa na wingi wake. Yaani umelipia 16, halafu ili ucheze vizuri unazima 8.

Upya nao hautoshi kuwa dhamana. Core Ultra 9 285K ya Intel ilitoka Oktoba 2024, na katika gemu nyingi ilikuwa nyuma ya Core i9-14900K, ya kizazi kilichoitangulia. Katika kazi nyingine ni prosesa nzuri, na inatumia umeme kidogo kuliko i9 hiyo, ambayo inaweza kuvuta wati 253 ikikazana. Hapo usisahau gharama ya kipoozeo.

Kuna pia suala la kadi ya grafiki, na hapa ndipo hela nyingi hupotea. Skrini ya 1080p ina pikseli milioni 2 na ushei, ya 4K ina milioni 8.3, mara nne kamili. Mzigo huo wa ziada karibu wote unaiangukia kadi. Ukicheza kwa 4K na mipangilio ya juu, prosesa humaliza sehemu yake na kukaa ikisubiri kadi. Weka prosesa ya kati, weka ya juu kabisa, idadi ya fremu inakaribia kulingana. Wanaopima prosesa wanalijua hilo, ndiyo maana hupima kwa 1080p wakiwa na kadi kali kuliko zote: wanataka tofauti ya prosesa ionekane. Ile michoro yao inasema kweli, ila haielezi kompyuta yenye kadi ya kati kama yako.

Unaweza kujipima mwenyewe bila kununua kitu. Fungua gemu unayoicheza zaidi, angalia idadi ya fremu, kisha shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli zinazochorwa. Fremu zikipanda sana, aliyekuwa amelemewa ni kadi. Zikibaki palepale, prosesa au RAM ndiyo inayokuvuta nyuma. Angalia RAM mapema, kwa kuwa tiba yake huwa rahisi: kijiti kimoja badala ya viwili, au XMP (mpangilio unaoiruhusu RAM ikimbie kwa kasi iliyoandikwa juu yake) ambayo haijawashwa kwenye BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, hivyo RAM ya kasi ya 3200 inatembea kwa 2133.

Wapo wanaohitaji prosesa kali kweli. Mchezaji wa mashindano anayeshusha mipangilio yote na ana skrini ya hetsi 240, yaani inayobadilisha picha mara 240 kwa sekunde, ni mmoja wao. Wa gemu za mikakati na uigaji, ambako kompyuta inahesabu mienendo ya miji na majeshi mazima, naye atauona utofauti, hasa katika kukwamakwama kwa picha ambako wastani wa fremu haukuonyeshi. Hata hao, mara nyingi wanachohitaji ni kashe na kasi ya kiini kimoja. Viini 16 tunampendekezea anayecheza na pia kuhariri video kwa ajili ya kipato.

Ukituandikia kuomba makadirio, tutajie gemu unazocheza, resolusheni na hetsi za skrini yako, kadi uliyonayo, na kazi nyingine unazofanya kwenye kompyuta hiyo. Kama ubao mama wako ni wa AM4 (soketi ya AMD inayopokea prosesa kama 5800X), anza kwa kututumia jina lake na toleo la BIOS. Nyingi ya bodi hizo zinapokea 5800X3D baada ya kusasishwa, na hapo huna haja ya kubadilisha ubao wala RAM.