Kikao cha Jumamosi: akili ya mwenzako

Jambo ndugu wote. Ni Jumamosi saa tisa, palepale Ibanda, barazani nyuma. Wenye viti vya plastiki mlete. Mara ya mwisho wazee wawili walisimama, nikaona haya.

Tutaongea juu ya Daniel Dennett, mwanafalsafa wa Marekani. Mwaka 1978 watafiti walikuwa wanauliza kama sokwe anajua mwenzake anawaza nini. Dennett akasema kipimo kizuri ni kukisia atakachofanya mtu anayeamini jambo lisilo kweli. Mwaka 1983 wanasaikolojia Wimmer na Perner wakawapelekea watoto swali hilo: Maxi ameweka chokoleti kabatini, akatoka, mama akaihamishia kabati lingine. Akirudi ataitafuta wapi?

Nilijaribu nyumbani kwa sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Baba aliziacha kwenye sahani, tukazihamishia chunguni. Mdogo wa miaka mitatu akaonyesha chungu bila kusita, eti baba atafungua hicho. Dada yake wa miaka sita akamcheka: "Baba hajaona!" Hajaona. Mimi nilikaa na neno hilo siku nzima, maana kujua mwenzako anawaza nini ni kujua kwanza macho yake yalikuwa wapi. Muuza makala (mkaa) wa sokoni Kadutu anajua hayo bila kitabu: anangoja umgeukie mtoto, ndipo anajaza gunia kwa ujanja.

Ila kipimo hiki kinamweka mtoto pembeni kama mtazamaji, na sokoni hakuna mtazamaji. Hapo ndipo nataka tubishane.

Ujumbe wa sauti wa dakika kumi humu kundini, tafadhali hapana. Atakayechelewa apitie mlango wa jikoni, mbwa amefungwa.